Ini la Kaka, Macho ya Nyumba Nzima

Mgonjwa mwenye sirosisi iliyoletwa na homa ya ini B hutibiwa mahali pawili. Kliniki humpa kidonge cha kufubaza kirusi. Nyumbani ndiko yanakoonekana kwanza mambo mengine mengi yanayoweza kumuua: tumbo linaloanza kujaa maji, choo kinachogeuka cheusi, usingizi unaoukimbia usiku na kuja mchana. Daktari humwona kwa dakika chache kila baada ya miezi kadhaa. Siku zote zilizobaki ni za mke, watoto, ndugu na majirani. Haya nimeyaishi kupitia kaka yangu mkubwa, fundi cherehani wa Mwanza. Nayaandika kwa sababu ningependa kila familia yenye mgonjwa wa aina hii iyajue mapema kuliko tulivyoyajua sisi: nyumba isipojua mtu wake anaumwa nini, kidonge peke yake hakimfikishi mbali.

Kaka aligundulika kwa kuchangia damu. Binti wa shangazi yetu alijifungua kwa upasuaji, akahitaji kuongezewa damu, na wanaume wa ukoo wakaitwa. Damu inayochangiwa Tanzania hupimwa VVU, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C kabla ya kuwekewa mgonjwa. Majibu yalipotoka, kaka aliambiwa damu yake haikufaa kwa kuwa ina virusi vya homa ya ini B, aende hospitali kwa vipimo zaidi. Wakati huo alikuwa na nguvu zake zote. Shule zikikaribia kufunguliwa alishona sare hadi usiku wa manane, alikula ugali na sato akashiba, macho meupe, mkojo safi. Hakuona sababu ya kwenda kupanga foleni kwa ugonjwa asiousikia mwilini.

Ugonjwa huu huwapata wengi kwa namna hiyohiyo. Mtu akiambukizwa ukubwani, mara nyingi mwili hukiondoa kirusi wenyewe. Wanaobaki nacho hawafiki watano katika kila mia. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa hana uwezo huo, na tisa kati ya kumi hubaki nacho miaka yote. Kwa hiyo wengi wanaougua ini wakiwa na umri wa miaka arobaini au hamsini walikibeba kirusi tangu kabla hawajaanza shule, wakakua nacho, wakaoa na kuolewa nacho, bila dalili hata moja.

Kimya hicho hakimaanishi kwamba ini limesalimika. Kinga ya mwili huzishambulia seli za ini zilizohifadhi kirusi, na kila shambulio huacha kovu dogo. Makovu yakijazana kwa miaka ishirini au thelathini, ini hukakamaa, hujaa vinundu, na damu inayotoka utumboni hukosa njia ya kupita humo kwa urahisi. Shinikizo hupanda katika mshipa mkuu unaoileta. Karibu kila tatizo nitakalolitaja hapa linaanzia kwenye shinikizo hilo, au linatokana na ini kushindwa kutengeneza protini na kusafisha sumu.

Kwa kaka, ishara ya kwanza ilionekana kwenye kazi yake mwenyewe. Fundi aliyezoea kupima viuno vya wenzake alianza kuzipanua suruali zake kiunoni, huku mashati yakimpwaya mabegani. Jioni miguu ilivimba. Wifi alidhani ni kukaa sana kwenye cherehani. Kaka alikwenda hospitali ya rufaa peke yake, na majibu ya safari ile sisi tulikuja kuyasoma kwenye faili baadaye sana: ini lililosinyaa lenye kingo zisizo sawa, wengu uliovimba, maji tumboni, chembe sahani zinazosaidia damu kuganda zimeshuka. Ilikuwa sirosisi iliyokwisha kuvuka hatua ya kimya. Aliandikiwa tenofoviri, miligramu 300, kidonge kimoja kila siku bila kukoma.

Inafaa mgonjwa na watu wake waelewe kidonge hicho kinafanya nini, maana asiyeelewa hukiacha. Tenofoviri huzuia kimeng'enya ambacho kirusi hukitumia kunakili vinasaba vyake. Virusi vipya haviundwi, idadi yake katika damu hushuka hadi kipimo kisivione, na ini lililokuwa likiwaka hupoa. Lakini ndani ya kiini cha seli za ini hubaki kipande cha duara cha DNA ya kirusi, ambacho dawa zinazotumika leo hazikiondoi. Dawa ikikatwa, kipande hicho huanza tena kuzalisha virusi, na kinga ya mwili huanza tena kushambulia. Mwenye ini zima anaweza kustahimili mlipuko wa namna hiyo. Mwenye ini lililojaa makovu anaweza kupoteza katika mlipuko mmoja kile kidogo kilichokuwa kikimweka hai. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa sirosisi hupewa dawa hata kama virusi vyake ni vichache, wala haikatwi kwa sababu amepata nafuu.

Faida ya kutibu ini lenye makovu ilithibitishwa zamani kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliohusisha wagonjwa 651, wengi wao wa Asia, ulilinganisha lamivudini, dawa nyingine ya kufubaza kirusi, na kidonge kisicho na dawa. Ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 7.8 ya waliopewa lamivudini, na asilimia 17.7 ya wale wengine. Ubaya wa lamivudini ni kwamba virusi huizoea: baada ya miaka mitano ya kuitumia peke yake, karibu wagonjwa saba kati ya kumi huwa na virusi sugu. Tenofoviri na entekaviri ndizo zilizochukua nafasi yake, kwa kuwa usugu dhidi yake ni wa nadra. Tenofoviri ina sharti lake: figo zipimwe mara kwa mara, hasa kwa mtu ambaye maji tumboni na dawa za kukojoa tayari zinazielemea. Figo zikianza kulegea, daktari hubadilisha kipimo au humhamishia entekaviri.

Sasa tenofoviri hiyohiyo ni moja ya dawa zinazotumika kufubaza VVU. Pale alipotibiwa kaka, ilitolewa kwenye dirisha la CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Kila anayepita barabarani anajua wanaokaa kwenye mabenchi yale wamefuata nini, au anadhani anajua. Kaka alikuwa fundi wa mtaa mzima. Waliokuwa wakimpa vitambaa vya harusi na vya kipaimara walipita hapo. Akaanza kwenda asubuhi na mapema, kofia imeshushwa usoni. Vidonge akavitoa kwenye chupa yake yenye jina linalofahamika na kuvificha ndani ya kopo la vifungo, chini ya meza ya cherehani. Mke wake hakuambiwa. Mimi sikuambiwa. Alikuwa akimeza dawa sahihi, kwa kipimo sahihi, na hakuna mtu aliyejua.

Kisha baba yetu mdogo akafariki, kijijini upande wa Magu. Msibani wanaume hulala chumba kimoja, mkeka kwa mkeka, na begi la mmoja ni kama la wote. Kaka aliliacha kopo Mwanza. Msiba ukafuatiwa na kikao cha ukoo, kikao kikazaa mgogoro wa shamba, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa aliyebaki, alikaa kijijini hadi msimu wa mavuno. Aliporudi mjini alijiona mzima, akaona hakuna haja ya kurudia kile kinachomtia aibu. Baada ya muda macho yakageuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, tumbo likajaa kuliko mwanzo.

Nilikuwepo mapokezi usiku tulipompeleka. Hakuweza kujieleza, alikuwa akijibu maswali ya jana, kisha anasinzia.

"Mama, mgonjwa anatumia dawa gani?" daktari wa zamu alimwuliza wifi.

"Hakuna, daktari. Nyumbani hanywi dawa yoyote."

"Ana ugonjwa wowote wa muda mrefu?"

"Hana. Miguu tu huwa inavimba."

Wifi alisema kweli yote aliyokuwa nayo. Ameishi na mume wake miaka yote hiyo, amempikia, amemfulia, amemzalia, na katika saa ambayo maisha yake yalitegemea jibu moja, hakuwa nalo. Daktari akaanza na malaria, akauliza habari za pombe, akauliza habari za dawa za kienyeji. Kulipokucha kaka alizinduka kidogo, akamshika wifi mkono na kumwambia: "Kopo la vifungo." Wifi hakuelewa. Nilikwenda mimi. Nilipomwaga vifungo juu ya meza nikaviona vidonge, na kuanzia hapo madaktari wakajua wanapambana na nini. Dawa ikarudishwa siku hiyohiyo. Alipona mlipuko ule, polepole mno, na madaktari walituambia waziwazi kwamba wengi hawaponi.

Alipopata nguvu, daktari wa kliniki ya ini alimwomba ruhusa ya kuzungumza na familia. "Fundi," alimwambia mbele yetu, "mimi nakuona mara chache kwa mwaka. Hawa wanakuona kila siku. Niruhusu niwafundishe." Kaka akaridhia. Somo la asubuhi ile ndilo limemfanya awe hai mpaka leo, na ndilo ninalotaka kulipitisha kwa wengine.

Somo la kwanza lilikuwa maji ya tumboni. Mwili wa mgonjwa huyu hushika chumvi, na chumvi hushika maji. Hivyo kabla ya dawa ya kukojoa kuna chungu cha mboga. Wifi aliacha dagaa wa chumvi, akaacha vikolezo vya pakiti, akajifunza kuunga mboga kwa ndimu, vitunguu na nyanya, na chumvi ya siku nzima ya kaka isizidi kijiko kimoja cha chai, kwa kila anachokula. Kila asubuhi, baada ya kutoka chooni na kabla ya chai, kaka alipanda kwenye mizani, akajizungusha futikamba kiunoni, binti yake akaandika kwenye daftari. Dawa za spironolaktoni na furosemaidi zikifanya kazi vizuri, uzito hushuka kidogokidogo. Kwa mtu ambaye miguu yake haijavimba, isizidi nusu kilo kwa siku, maana kukausha maji kwa pupa huziumiza figo. Uzito ukipanda siku mbili tatu mfululizo, usingoje tarehe ya kliniki.

Maji yale yakizidi hutolewa kwa sindano. Yakitolewa zaidi ya lita tano kwa mara moja, mgonjwa huhitaji kuongezewa albumini kwenye mshipa, takriban gramu nane kwa kila lita, ili shinikizo la damu lisiporomoke na figo zisizime. Tena maji hayo yanaweza kuingiwa na bakteria bila jeraha lolote. Hapo macho ya nyumbani ni ya thamani kubwa, kwa sababu dalili zinaweza kuwa hafifu: homa kidogo, tumbo linalouma likiguswa, au mtu kuchanganyikiwa tu bila maumivu yoyote. Ni dharura ya siku hiyohiyo. Maambukizi hayo yakiachwa huangusha figo, na mgonjwa aliyefika huko ni vigumu kumrudisha.

Somo la pili lilikuwa dawa za maumivu. Fundi cherehani huumwa mgongo. Hiyo ni kazi yake. Kabla hatujajua, kaka alikuwa akinunua diklofenaki kwenye duka la dawa la mtaani, na muuzaji humpa mteja anachokiomba. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake hupunguza damu inayofika kwenye figo na huweza kuchubua tumbo mpaka litoke damu. Kwa mwenye sirosisi ni hatari mbili katika kidonge kimoja. Parasetamoli ndiyo salama zaidi, kwa kipimo kidogo, isizidi gramu mbili kwa siku na kwa ushauri wa daktari. Wifi alimfuata muuza duka na kumweleza. Tangu hapo hakuna mtu mtaani anayemuuzia kaka diklofenaki.

Somo la tatu lilikuwa damu. Shinikizo likipanda, damu hutafuta njia za pembeni, na mishipa midogo ya umio hutanuka hadi kuwa minene yenye kuta nyembamba. Ikipasuka, mtu hutapika damu nyingi kwa muda mfupi. Wengine huvuja taratibu, na damu iliyopita tumboni hutoka chooni ikiwa nyeusi, yenye kunata na harufu kali. Choo chetu ni cha shimo na ndani ni giza, kwa hiyo tochi ikatundikwa mlangoni, na kaka akaambiwa aangalie kila anapokwenda. Usiku mmoja alitoka na kusema: "Mama watoto, ni cheusi." Hakukuwa na kuulizana. Jirani mwenye bajaji, ambaye naye alikuwa ameambiwa, aliwafikisha hospitali kabla kaka hajaanza kutapika. Alifanyiwa endoskopi na mishipa ile ikafungwa kwa vipete vya mpira. Baadaye akaongezewa propranololi, dawa inayopunguza mapigo ya moyo na kushusha shinikizo ndani ya mishipa ya tumbo. Nafikiria usiku ule ungekuwaje kama angekuwa bado anaificha hali yake.

Somo la nne ndilo lililohitaji upendo na akili zaidi: kuchanganyikiwa kunakoletwa na ini. Uchafu unaotengenezwa utumboni, ikiwemo amonia, usiposafishwa na ini hufika kwenye ubongo. Mwanzo wake ni mdogo mno. Mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, hukasirika bila sababu, husahau jina la mtu wa karibu. Kwa kaka ilionekana kwenye mshono. Mtu ambaye pindo lake hunyooka bila rula alianza kushona mstari unaopinda, akaweka mfuko wa shati upande wa kulia. Mwanafunzi wake wa ufundi aliona, akamwambia wifi siku hiyohiyo. Majirani walikuwa na maelezo yao: amerogwa, amepandisha mapepo, aombewe. Wifi alishukuru kwa maombi, akampeleka hospitali. Kilichochochea ni choo kigumu cha siku kadhaa. Tiba yake ni laktulosi, dawa ya maji matamu inayolainisha choo na kuitoa amonia; lengo ni mgonjwa kupata choo laini mara mbili au tatu kwa siku, si kuharisha. Vichocheo vingine ni maambukizi, kuvuja damu, kupungukiwa maji na vidonge vya usingizi. Mgonjwa wa ini asiyelala asipewe dawa ya usingizi kiholela. Kukesha huko huenda ndiko dalili yenyewe.

Hapo wazee wetu walitaka kumkatia samaki na maharage, kwa imani kwamba ini bovu halitaki chakula kizito. Ushauri wa namna hiyo uliwahi kutolewa hata hospitalini, na umeachwa. Misuli husaidia kuondoa amonia, na mgonjwa anayenyimwa protini hukonda, misuli ikaisha, akazidi kuchanganyikiwa. Kaka anakula samaki, maharage na mayai, kidogokidogo mara nyingi. Kabla ya kulala hunywa uji, kwa sababu ini lenye makovu haliwezi kuweka akiba ya sukari ya kupitisha usiku mzima.

Baada ya kujua hayo, ilibidi tujipime. Homa ya ini B huenezwa kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Haienezwi kwa sahani, kwa kikombe wala kwa kukumbatiana. Wifi alikutwa hana virusi na hana kinga, akachanjwa dozi tatu. Watoto wawili wadogo, waliozaliwa baada ya chanjo hii kuingizwa katika ratiba ya watoto wachanga Tanzania mwaka 2002, walikuwa salama. Miongoni mwetu tuliozaliwa kabla, mdogo wetu mmoja alikutwa nayo. Ini lake lilikuwa bado zuri, na sasa anafuatiliwa. Kisha mama akapimwa. Naye alikuwa nayo.

Mama alikaa kimya kwa muda, halafu akauliza kile tulichokuwa tukikiogopa: "Kwa hiyo mimi ndiye niliyempa?" Daktari alimwita "mama yangu" na kumweleza kwamba hakuna anayeweza kujua. Katika nchi zetu, kabla ya chanjo, watoto wengi waliambukizana wenyewe kwa wenyewe katika miaka ya mwanzo, kwa michubuko ya mchezoni, kwa wembe mmoja wa kunyolea watoto wote, kwa chale. Hata kama ni wakati wa kuzaliwa, hakuna mama aliyepewa kipimo wala chanjo miaka ile. Kaka alikuwa amekaa pembeni. Akasema: "Mama, ulinizaa na ukanilea. Hakuna deni." Maneno hayo yalimwinua mama, na kwangu yamebaki kuwa kipimo cha jinsi familia inavyopaswa kuupokea ugonjwa huu: pasiwe na mshtakiwa. Anayetafuta wa kumlaumu huwafanya wengine waogope kupimwa.

Wajawazito wa leo wana nafasi ambayo mama hakuwa nayo. Mjamzito akipimwa na kukutwa na virusi, anaweza kupewa tenofoviri ili kupunguza hatari ya kumwambukiza mtoto, na Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto apate chanjo ya homa ya ini B ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Kila mjamzito ana haki ya kuuliza kipimo hicho na chanjo hiyo kwa jina.

Kuna hatari moja ambayo macho ya nyumbani hayaioni, nayo ni saratani ya ini. Kwenye benchi la kliniki nilizoea kukaa karibu na kijana mmoja mvuvi, mwembamba, mcheshi, ambaye alikuwa hajafika miaka thelathini na mitano. Alikuja kwa maumivu chini ya mbavu za kulia, na picha ikaonyesha uvimbe uliokwisha kulichukua ini. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuleta saratani hata kabla ya sirosisi kukomaa, na Afrika saratani hiyo huwapata watu wakiwa wadogo. Alifariki muda si mrefu. Tenofoviri hupunguza hatari hiyo bila kuiondoa, kwa hiyo kaka hupigwa ultrasaundi kila miezi sita, pamoja na kipimo cha damu cha alfafetoproteini. Uvimbe ukigunduliwa ungali mdogo, kuna la kufanya. Ukigunduliwa kwa maumivu, mara nyingi umechelewa.

Hapa napo jikoni pana sehemu yake. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota fangasi wanaotoa sumukuvu. Nchini Kenya mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika maeneo ya mashariki, na mwaka 2016 ilileta vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara hapa Tanzania. Nje ya milipuko hiyo, sumukuvu inayoliwa kidogokidogo kwa miaka huungana na kirusi cha homa ya ini B na kuizidisha mno hatari ya saratani ya ini. Tulikuwa tukichambua karanga zilizokunjamana na kuzisaga kwa ajili ya mboga ili zisipotee. Sasa tunazitupa, na mahindi ya nyumbani hukaushwa juu ya turubai, si juu ya udongo.

Ini la kaka halijawa jipya, ila limepata nafuu ambayo sikuitarajia. Maji hayajarudi kwa muda mrefu, virusi havionekani kwenye kipimo, na anashona. Si miujiza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia waliotumia tenofoviri kwa miaka mitano. Kati ya wagonjwa 96 waliokuwa na sirosisi mwanzoni, ini likiwa bado linamudu kazi yake, 71 hawakuwa nayo tena walipochukuliwa vipande vya ini na kupimwa upya. Kovu tuliloambiwa ni la kudumu linaweza kupungua, kirusi kikinyamazishwa mapema na bila kukatizwa. Anayeanza dawa kabla ya maji na damu ana nafasi kubwa kuliko aliyoipata kaka.

Tatizo ni kwamba wanaoanza ni wachache. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini B, na watu milioni 1.1 walikufa kwa sababu yake. Waliokuwa wamepimwa na kujijua walikuwa asilimia 13. Waliokuwa kwenye dawa, asilimia 3. Dawa yenyewe ni ya zamani, ni ya bei nafuu, na tayari imo katika hospitali zetu kwa ajili ya VVU. Kinachohitajika ni vipimo vya homa ya ini B kufika zahanati, wahudumu kufundishwa, na mgonjwa kupewa dawa yake mahali ambapo hatalazimika kushusha kofia. Nasema hili bila kuwadharau wanaotibiwa CTC. Wao ndio waliotufundisha sote kwamba mtu anaweza kumeza kidonge kila siku na kuishi miaka mingi. Aibu waliyobebeshwa haikuwa halali kwao, na haiwi halali ikihamishiwa kwa mgonjwa wa ini.

Mengine hayahitaji kusubiri serikali. Kama uliwahi kuambiwa kwamba damu yako ina homa ya ini B, rudi ukapimwe ini na wingi wa virusi, hata kama unajisikia mzima. Kama unameza tenofoviri au entekaviri, mwambie mtu mmoja unayeishi naye jina la dawa, mahali inapokaa, na jina la kliniki yako. Mfundishe dalili nne: uzito unaopanda, homa au tumbo kuuma, choo cheusi, na akili inayopotea. Wapeleke wa nyumbani kwako wakapimwe, na wasio na virusi wachanjwe. Siku moja wewe hutaweza kujibu maswali ya daktari, na mtu huyo ndiye atakayekujibia.